Usisukutue mdomo siku ya kwanza

Wasee, niling'olewa gego la mwisho nikadhani kazi imeisha pale kwa kiti. Karatasi ya maagizo nilipewa, nikaisahau kwa matatu. Jioni ganzi ilipoisha, nikasukutua maji ya chumvi kwa nguvu, eti nasafisha damu. Siku ya tatu maumivu yalipanda hadi sikioni, mdomo ukanuka, usingizi hakuna. Kumbe lile donge la damu ndilo lilikuwa limefunika mfupa, na nililing'oa mwenyewe!

Saa 24 za kwanza usisukutue, usinywe kwa mrija. Sigara ikae mbali siku kadhaa. Maji ya chumvi ni kesho yake, yawe vuguvugu, taratibu. Mimi nilirudi, shimo likaoshwa na kuwekwa dawa. Nikalipa tena.