Maelezo Niliyoyazima

Mistari ile ilikuwepo. Nilijua ipo, na mbele ya kamati nzima ya chama chetu cha wakulima wa chai hapa Tukuyu nikanyamaza, dada wa watu akaonekana mzembe.

Ilianza na macho. Masika ya Rungwe anayajua aliyeyaishi: ukungu unashuka kutoka mlimani, bati linapigwa na mvua mpaka unapaza sauti kumsalimu wa meza ya pili, na saa nne asubuhi ofisini bado giza. Skrini nyeupe ilikuwa inanichoma. Tena niliamini kwamba skrini nyeusi inatunza chaji umeme ukikatika. Kwa kompyuta kama yangu si kweli: kioo cha LCD huwashwa taa ya nyuma muda wote, kiwe kinaonyesha cheusi au cheupe. Wanaonufaika ni wenye vioo vya OLED, kama vya baadhi ya simu, ambavyo nukta nyeusi huzimwa.

Natumia Vim, ile programu ya kuandikia ambayo mara nyingine ukiifungua inakuomba uwasaidie watoto wa Uganda, kwa sababu Mholanzi aliyeitunga, Bram Moolenaar, aliwahi kufanya kazi ya maji huko Kibaale. Nikachagua Solarized, mpango wa rangi 16 alioutoa Ethan Schoonover mwaka 2011. Kuuweka si kazi. Unanakili faili la rangi kwenye folda ya ~/.vim/colors, ndani ya .vimrc, faili la mipangilio yake, unaandika syntax enable, set background=dark na colorscheme solarized, kisha unazipanga rangi za terminali zilingane nao. Ikakubali. Nikaita vijana waje waone.

Laiti ningeishia hapo. Solarized hufifisha kwa makusudi mistari ya maelezo, ile inayoanza na alama ya reli, ambayo kompyuta huiruka na msomaji wake ni binadamu. Hata kabla hujaigusa, tofauti ya mwanga kati ya maelezo hayo na usuli haifiki 3 kwa 1, wakati miongozo ya W3C kwa maandishi ya kawaida inataka 4.5 kwa 1. Mimi bado niliona yanajitokeza mno. Programu yetu ya makato, inayochukua kilo za majani mabichi za kila mkulima na kutoa deni la mbolea, iliandikwa na dada wa hesabu, na dada yule alipenda kueleza. Kila hatua, aya nzima. Nikaziona kelele, nikaongeza mstari wangu: highlight Comment ctermfg=0. Nikauweka chini ya colorscheme, maana ukiwa juu unafutwa. Nilihangaika mpaka nikaligundua hilo, na nusu ya mahangaiko hayo ingenitosha kuyasoma maelezo yenyewe. Kwenye Solarized namba 0 ni rangi inayokaribia kabisa usuli. Aya zake zikazama.

Yeye akaenda likizo, mimi nikaendesha makato. Wakulima wa kituo kimoja wakakatwa mbolea waliyokwisha kuilipa taslimu. Mama mmoja alikuja na stakabadhi ameifunga kwenye pindo la kanga. "Mwanangu, mhuri huu si wenu?" Ulikuwa wetu.

Kamati ikaitwa. "Binti, kwa nini hukuandika kwamba hawa wamelipa taslimu?" mwenyekiti akamuuliza.

"Niliandika, mzee. Juu ya orodha ya vituo."

Nikaambiwa nifungue. Nikafungua, wazee wakasogea, na juu ya orodha ya vituo palikuwa na mistari mitupu. Nikashusha kishale. Kwenye Vim, mstari usio na kitu hukirudisha kishale mwanzoni kabisa, ukutani kushoto. Changu hakikurudi. Kilishuka katikati ya utupu, na kila kilipokanyaga, ndani ya kile kiboksi chake ikaonekana herufi moja: u, chini yake k, chini yake a. Mwenye mkono kwenye kibodi nilikuwa mimi, na nadhani ni mimi peke yangu niliyeziona.

"Hakuna kitu," mjumbe mmoja akasema. Nikafunika kompyuta.

Fedha zilirudishwa kwenye malipo yaliyofuata. Dada alipewa barua ya onyo, akaisaini, akarudi mezani kwake, na mimi nikaendelea kumwazima kalamu kana kwamba hakuna lililotokea. Usiku wa siku ya kamati niliufuta mstari wangu kwenye .vimrc, jambo ambalo, nikilitazama leo, lilikuwa kuficha ushahidi kuliko kutubu. Nilimweleza mwenyekiti baadaye sana, dada akiwa amekwisha kupata kazi Mbeya. Barua ya kulifuta onyo niliiandika mimi, mwenyekiti akaigonga mhuri, dada akatumiwa nakala. Haikusema mstari ule uliwekwa na nani. Nimempigia simu dada mara kadhaa. Tunasalimiana, nampa habari za mvua na bei ya majani, anacheka, tunaagana.