Farasi Aliyekonda Hapewi Debe la Mahindi

Dada mmoja ameniandikia akiwa na uchungu. Kwa jirani yao kumeletwa farasi jike aliyeokolewa, mbavu zote zinahesabika, na saisi anayemtunza amekataa katakata debe la mahindi ambalo yeye na wenzake walichanga wakanunua. Akaniuliza, "Mchungaji, huyu mtu ana roho gani?" Nimemjibu kando, lakini afadhali tuliseme hapa, maana pande za Ngong na Karen wapo farasi waliostaafu mbio ambao hakuna anayejua wapelekwe wapi, na wenye huruma hukimbilia gunia la nafaka kwanza.

Saisi yuko sawa. Mnyama akikaa na njaa muda mrefu, mwili huchoma mafuta yake, na yakiisha huanza kula misuli. Moyo nao ni msuli. Mwili huo umezoea kuishi bila wanga. Sasa umpe debe la mahindi: wanga unaingia kwa kishindo, insulini inapanda, na insulini hiyo inavuta fosfeti, magnesiamu na potasiamu kutoka kwenye damu na kuziingiza ndani ya seli. Akiba yenyewe ilikwisha kitambo. Moyo unapoteza mdundo wake, na mnyama anaweza kufa siku ya tatu hadi ya tano tangu aanze kula, wakati ninyi mmeshaanza kushangilia. Hata binadamu yaliwapata: baadhi ya wafungwa waliotolewa kambini mwisho wa Vita vya Pili vya Dunia walikufa baada ya kushibishwa haraka. Kwa hiyo hayo mahindi, dada, yapeleke kwa kisiagi mkapike ugali, na pesa inayofuata inunue lusani.

Lusani, ambayo wengine huiita alfalfa, ndiyo iliyofanya vizuri watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walipolinganisha vyakula vya kuwarudisha farasi waliokonda. Ina protini nyingi na wanga kidogo, na ina magnesiamu na fosfeti zile zinazohitajika. Siku tatu za kwanza ni kama nusu kilo kila baada ya saa nne, usiku pia. Ndiyo, mtu anaamka saa nane za usiku. Kisha unaongeza polepole mpaka siku ya kumi, daktari wa mifugo akiwa karibu. Unene wake hurudi kwa miezi, si kwa wiki.

Mimi nilikulia kwa wafugaji wa ng'ombe, na nilipoanza kumtembelea ndugu mmoja wa kanisa letu ambaye ni saisi, nilidhani farasi ni ng'ombe asiye na pembe. Alicheka sana. Ng'ombe ana tumbo linalochachua majani kwanza, halafu wale vijidudu waliochachua humeng'enywa mbele ya safari na kumpa protini nzuri hata kama nyasi ni duni. Kwa farasi uchachuaji uko nyuma, kwenye utumbo mpana, wakati protini inafyonzwa zaidi kwenye utumbo mwembamba ambao ameshaupita. Protini yake lazima ije nzuri kutoka mdomoni.

Na nzuri maana yake nini? Protini ni mnyororo wa asidi amino, na moja, lisini, ndiyo huwa ya kwanza kupungua. Ikipungua, zile nyingine hazijengi misuli hata uzirundike. Mahindi ni maskini wa lisini. Soya ni tajiri. Farasi mzima wa kilo 500 asiyefanya kazi anahitaji takriban gramu 630 za protini kwa siku. Kilo kumi za nyasi nzuri kavu humtosha. Mabua makavu ya mahindi hayamtoshi. Ukizidisha, ziada inatoka kwa mkojo: anakunywa maji mengi, na zizi linanuka mpaka macho yanakuwasha. Watu husema protini humtia farasi wazimu. Kinachomchemsha zaidi ni wanga wa nafaka.

Nikuonye hapo hapo: usimpe farasi wala punda chakula cha kuku. Baadhi ya vyakula hivyo vina dawa iitwayo monensini, ambayo kuku huivumilia, lakini huua moyo wa farasi.

Sasa tabia, maana wengi huita pepo kile ambacho ni maumivu. Tumbo la farasi hutoa asidi mchana na usiku, hata akiwa hajala, kwa hiyo njaa humwachia vidonda. Meno yake hukua na kuchongoka yakamkata mashavu. Tandiko baya humuumiza mgongo. Anauma, anapiga teke, na unasema ni mkaidi. Mwite daktari kabla hujashika fimbo. Naomba utupilie mbali fimbo yenyewe.

Baada ya maumivu inabaki hofu, na hofu haina dawa ya sindano. Farasi haoni kilicho nyuma yake kabisa wala kilicho mbele ya paji la uso, basi mwendee kwa bega, ukizungumza. Saa ileile, mtu yuleyule, sauti ileile. Yule saisi ana dume mmoja aliyepigwa masikioni na mwenyewe wa zamani. Miezi mitatu ya kwanza hakujaribu kumfunga hatamu. Aliweka nyasi, akageuza ndoo, akaikalia kwa mgongo, akasoma gazeti. Nilipokwenda mara ya mwisho yule farasi alikuwa amesimama nyuma yake, anatafuna, pua yake juu ya kola ya shati. Masikio bado haguswi. Saisi anasema hana haraka nayo.