Ngano Fupi ya Punjab

Huku kwetu milimani, upande wa Lubero, ngano inajulikana. Kwa hiyo tunapenda kuwaeleza namna wakulima wa Punjab, katika nchi ya Uhindi, walivyobadili ukulima wao.

Ngano yao ya zamani ilikuwa ya mabua marefu. Ikitiwa mbolea nyingi, masuke yalikuwa mazito, bua likalala chini, nafaka ikaoza. Basi tusiwacheke wazee waliokataa mbolea: macho yao yaliona vema. Ilipasa mbegu ibadilike kwanza. Norman Borlaug, aliyefanya kazi Meksiko tangu mwaka 1944, alichanganya ngano ya huko na ngano fupi yenye asili ya Japani, akapata bua fupi lenye nguvu.

Lakini nani atathubutu kuipanda? Sisi tunaotembelea vijiji tunalijua neno hilo. Baba mwenye shamba moja hutuambia: «Mwalimu, mbegu hiyo ikinidanganya, watoto watakula nini?» Huo si uvivu wala ujinga. Mtu wa mshahara, bustani yake ikiharibika, atakula mshahara.

Bwana Swaminathan, mtaalamu wa Kihindi, alitambua jambo hilo. Akataka mashamba ya kuonyesha yawe ya wakulima wadogo, watu wasije wakasema: Huyu amevuna kwa sababu ya mali yake. Mwaka 1966 serikali ikanunua tani 18,000 za mbegu huko Meksiko. Mavuno ya 1965 yalikuwa tani milioni 12 hivi. Ya 1968 yakakaribia milioni 17. Ghala zikajaa, hata shule nyingine zikafungwa ili ngano ipate pa kuwekwa.

Tena lilikuwako neno la jikoni. Ngano ya Meksiko ilikuwa nyekundu, na chapati zake hazikupendeza. Wataalamu hawakuwakaripia watu. Walitafuta punje za rangi waliyoizoea, ndizo Kalyan Sona na Sonalika.

Faida hiyo ina deni lake. Ngano fupi hutaka maji na mbolea ya kununua. Visima vimechimbwa vingi mno, na maji ya chini ya ardhi huko Punjab yanazidi kushuka. Mwenye fedha huchimba zaidi, jirani yake hubaki na kisima kikavu. Kwetu mvua tunayo, lakini gunia la mbolea likipanda mlima, bei nayo hupanda. Mkulima mmoja ametuuliza kama samadi ya mbuzi yatosha kwa mbegu fupi. Tumemjibu ajaribu kwanza katika pembe moja ya shamba, nasi tutakwenda kuona.