Kila Kipimo Kina Bei Yake

Kitunda ni kete dhaifu kuliko zote kwenye sataranji, na ndicho kinachomfaa anayeanza kuchora kwa kompyuta. Hukichori kizima. Unachora ubavu mmoja tu, kitako, kiuno, ukosi wa shingoni mpaka kichwa, kisha programu inauzungusha mchoro kwenye mhimili na kitunda kinasimama. Fundi wa Keko anayekereza miguu ya vitanda haelezwi mara mbili: mti unazunguka, patasi inafuata ubavu.

Mimi kilichonishika ni vipimo. Katika FreeCAD, programu ya bure ninayoitumia hapa Mbagala, mstari usio na kipimo haujatulia: ukiuvuta, kitako kinavimba. Machoni mchoro unapendeza, lakini bado unaweza kuwa chochote. Unaandika upana, unaandika kimo, unafunga ncha kwenye mhimili, na kila tarakimu inaupunguzia uhuru. Uhuru wa mwisho ukiisha, mistari inageuka kijani.

Ndipo ninapowakumbuka vijana wa mtaani (na wazee, tusisingizie umri) wanaoahirisha kuchagua kwa kuwa kuchagua ni kupoteza. Ni kupoteza kweli. Anayeshika umeme wa magari ameuacha ushonaji. Lakini hata kete za Staunton, muundo uliosajiliwa na Nathaniel Cooke mjini London mwaka 1849 na unaotumika mashindanoni mpaka leo, zipo kwa sababu kuna mtu aliyekata shauri shingo iishie wapi.

Tena vipimo vikizidi navyo vina balaa. Ukiandika viwili vinavyopingana, programu inagoma na kukuonyesha vinavyogongana. Mama anataka ukae karibu naye. Baba mdogo ameshakutafutia kazi Mwanza. Wote wana nia njema. Sisi hujaribu kuwatii wote wawili, tukauita uvumilivu. Programu haina adabu hiyo. Inataka kimoja kifutwe.

Anayeharibu hesabu ni farasi. Kitako chake kinazunguka kama cha wenzake, ila kichwa hakina mhimili, na wachonga vinyago wa Mwenge wangenicheka wakinikuta nautafuta. Shavu moja likikamilika unaweza kuliakisi upande wa pili, lakini pua, taya na sikio hutafutwa kimoja kimoja kwa jicho. Vitunda ni vinane kila upande, na unachora kimoja. Farasi ni wawili tu, na ndio wanaokula usiku.