Chuma Kitupu, Kilo 20

Jumatatu, 2 Juni 2025

Baridi ya Juni haina adabu. Jioni upepo unashuka kutoka milima ya Mbizi na jimu yetu ni banda la bati tu. Kocha kanipa chuma kitupu, kilo 20, nichuchumae nacho mabegani. Seti ya tatu miguu ikatetemeka. "Dada, unakula nini?" Nikasema nakula nashiba. "Kushiba najua unashiba. Nauliza protini."

Jumatano, 4 Juni

Nimekaa na kalamu. Nina kilo 62. Kiwango cha kawaida kwa mtu mzima ni gramu 0.8 za protini kwa kila kilo ya mwili. Anayejenga msuli anashauriwa kufika kwenye 1.6. Kwangu ni karibu gramu 100 kwa siku. Jana nilikula: chai na maandazi, ugali maharage, usiku ugali na majani ya maboga. Ugali wa gramu 200 za unga una kalori zaidi ya 700 na protini 17 hivi, tena ya mahindi, yenye upungufu wa laisini, kijenzi kimojawapo cha protini. Maharage ndiyo yanayoziba pengo hilo. Jumla haikufika 60. Kalori ninazo tele.

Jumapili, 8 Juni

Kumechinjwa kuku. Mama mkwe kagawa: firigisi kwa baba, mapaja kwa shemeji na mgeni wake, kidari kikakatwa vipande vidogo vya watoto. Sisi tuliopika tukapata shingo, mgongo na mchuzi mwingi. Hakuna aliyenuna, na hilo ndilo linaloniudhi.

Wifi ananitania: "Wifi, utatoka mabega kama baunsa!" Nikamwambia homoni inayotanua miili ya wanaume sisi tunayo kidogo mno. Hajasadiki.

Alhamisi, 12 Juni

Kazini, kliniki ilijaa. Mama mmoja kaja na mtoto mgongoni na debe la mahindi kichwani, la kupitisha mashine akitoka hapa. Debe hilo halipishani sana na chuma changu, na yeye hapumziki kati ya seti. Mimi nimejipigia hesabu ya gramu. Yeye nani kampigia? Mkoa wetu unalisha mikoa mingine mahindi, ila kwenye utafiti wa afya wa 2022 karibu nusu ya watoto wa Rukwa chini ya miaka mitano walikuwa wamedumaa. Ukanda huu wa Ufipa tuna maghala, kisha tunakula ghala lenyewe asubuhi na jioni.

Jumamosi, 21 Juni

Sokoni. Kijana wa jimu ananishawishi ninunue kopo la unga wa protini. Kwa bei ile napata kuku kadhaa, wenye firigisi zao. Nimechukua dagaa wakavu wa Ziwa Tanganyika. Gramu 100 zina protini karibu 60, na kalisi ukiwala na vichwa. Chagua wanaong'aa, wasio na mchanga.

Hesabu mpya: dagaa gramu 30, protini 18; mayai mawili, 12; kikombe cha maziwa, 8; karanga kiganja kimoja, 7 au 8. Ukijumlisha na ugali na maharage, nagusa 100. Kalori zinapanda kama 500, kwa hiyo napunguza maandazi na ugali wa usiku kidogo. Anayeanza hahitaji ziada kubwa, mia mbili au tatu zinatosha. Chai nimeisogeza mbali na chakula, maana inazuia madini ya chuma kufyonzwa, na sisi wa kila mwezi tunayapoteza.

Jumapili, 6 Julai

Mwenzangu wa jimu anafunga mlo wa usiku ili apungue haraka. Leo kaninong'oneza kuwa hajaona siku zake tangu Aprili, na mimba hana. Anafurahia, eti kapumzika! Nimemwambia mwili wenye njaa unazima kwanza visivyo vya lazima, kisha unakula mifupa. Jumanne aje kliniki, na kuanzia leo ale usiku. Kauliza: "Ugali tena?" Ugali, na dagaa wa kujaza sahani, wapikwe na karanga. Akasema mumewe atauliza dagaa wote hao ni wa nani.