Mshauri Asiyetoa Nasaha

Anayeitwa mshauri nasaha hufunzwa, ajabu, kuzizuia nasaha zake. Jina la kazi hiyo limeunganisha maneno mawili yenye asili ya Kiarabu: nasaha hutoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine, ilhali shauri hufanywa na wawili au zaidi. Kwa mraibu wa miraa huko Maua, Meru, lenye kufaa ni hilo la pili.

Mtu huyo akiambiwa "acha", ataacha nini? Mmea anaoutafuna ndio ulipao karo ya wanawe. Kitita chake hupelekwa hata kwenye posa. Mshauri mwenye ujuzi haanzi na madhara, ambayo mteja anayajua kumshinda. Humwuliza, "Usiku unapokosa usingizi, huwa unawaza nini?" Kisha hunyamaza. (Kunyamaza huko ndiko kugumu zaidi kujifunza.) Jibu likija, humrudishia kwa maneno yale yale, apate kujisikia mwenyewe. Mbinu ya namna hii William Miller aliiandikia makala mwaka wa 1983, akiwazungumzia walevi.

Embu nayo ina jeraha lake. Mwezi Mei 2014, pombe iliyotiwa methanoli iliua makumi ya watu huko na katika kaunti nyingine kadhaa, wengine wakapofuka. Aliyenusurika bila macho hahitaji kukumbushwa hatari ya pombe, na bado huenda akatamani glasi nyingine. Mshauri anayeshtuka kusikia hayo amekwisha kumpoteza. Anayeuliza, "Glasi hiyo ingekupa nini?" huenda akajibiwa kwa Kiembu, na mazungumzo yakaendelea.