Mmoja aipenda tatuu, mwingine hataki hata kalamu

Mpenzi msomaji, kabla hujaendelea kusoma, hebu kunja shati uutazame mkono wako wa kushoto. Kama ulizaliwa humu nchini, yamkini utaona kovu dogo la mviringo chini ya kiwiko. Hiyo ni alama ya chanjo ya kifua kikuu, na nina hakika kwamba siku ulipoipata hakuna aliyekuomba ruhusa. Ulilia, ukanyonyeshwa, ukanyamaza. Neno lenyewe chanjo limetokana na kuchanja, na kuchanja ndiko kulikotupa chale.

Nimeanza na kovu hilo kwa sababu leo nataka tuzungumze kuhusu chale za kisasa, tatuu kama vijana wanavyoziita, na kuhusu watu wenye usonji, hali ambayo wengine huiita tawahudi. Utaniuliza, mambo haya mawili yamekutania wapi? Yamekutania nyumbani kwangu Ruiru na kwa dada yangu Thika. Mimi nina mwana mwenye usonji, na dada yangu ana binti mwenye hali hiyo hiyo. Binti ana tatuu na anaipenda kama mboni ya jicho lake. Mwanangu hataki ngozi yake iguswe hata na wino wa kalamu. Nami, msomaji, nusura nimchore kwa nguvu.

Usinihukumu kabla ya kusikia yaliyonisibu.

Jumamosi moja ya mwaka wa 2016 mwanangu alitoweka. Alikuwa na umri wa miaka 10, nasi tulikuwa tukiishi Kimbo, hatua chache kutoka ile barabara kuu ya Thika iliyofunguliwa rasmi mwaka wa 2012. Wewe uliyewahi kuivuka unajua jinsi magari yanavyopita pale kama risasi. Nilikuwa nikianika nguo. Nilipogeuka, lango lilikuwa wazi na mtoto hayupo.

Mwanangu wakati huo alikuwa haongei na watu asiowajua, na hata nasi maneno yake yalikuwa ya kuhesabu. Ukimwuliza jina lake, atakutazama bega. Tulimtafuta hadi koo zikakauka. Mume wangu alikwenda steji baada ya steji, Juja kisha Thika, akiwauliza makanga. Ni makanga mmoja aliyetuokoa. Alikumbuka mtoto mwenye rula. Naam, rula ya mbao ya sentimita 30, ambayo mwanangu huwa haiachi hata akienda kulala. Alikuwa akipimia dirisha la matatu kutoka Ruiru hadi Thika, na abiria walidhani amefuatana na mtu mzima. Tulimpata saa mbili usiku ameketi karibu na mama mmoja muuza mananasi, ambaye aliona mtoto haabiri gari lolote akaamua kutomwacha. Mungu ambariki mama yule popote alipo.

Tangu usiku huo usingizi ulinihama. Kila asubuhi nilimwandikia nambari ya simu ya mume wangu kwenye mkono kwa kalamu. Kila asubuhi alikwenda bombani akaisugua kwa sabuni, na sabuni iliposhindwa akachukua jiwe la kusugulia miguu, akasugua hadi ngozi ikachubuka. Nikamnunulia bangili yenye jina, akaitafuna. Nikashona kitambaa chenye nambari ndani ya shati. Akalivua shati njiani. Ilikuwa kawaida yake kukata kila lebo kwenye nguo mpya kabla ya kukubali kuivaa, kwa hivyo sijui nilitarajia nini.

Ndipo jirani mmoja akanipa wazo. "Mama, kwa nini usimchoreshe tatuu? Tarakimu kumi tu, hawezi kuzisugua zikatoka." Nilisikia kwamba ng'ambo kuna wazazi wanaowabandika watoto wao wenye usonji michoro ya muda yenye nambari ya simu wanapokwenda mahali penye umati. Basi mimi nikajiambia, ya muda itanifaa nini? Nipe ya kudumu.

Sasa hebu nikupeleke Thika kidogo, kwa mpwa wangu, kwa maana yeye ndiye aliyekuwa amechorwa na ndiye niliyetaka anionyeshe fundi.

Mpwa wangu alipimwa na kuambiwa ana usonji akiwa tayari ni mtu mzima, mwaka wa 2014. Kabla ya hapo tulimwita mkaidi, tukamwita mwenye maringo. Si ajabu, kwani ingawa Leo Kanner aliwaeleza watoto wa aina hii katika maandishi yake tangu mwaka wa 1943 huko Marekani, wasichana wengi waliojaliwa ufasaha wa kusema walipita mikononi mwa walimu na madaktari bila kutambuliwa. Yeye hupenda reli. Atakueleza njia ya reli kutoka Nairobi kupitia Ruiru hadi Thika, daraja kwa daraja, mpaka chai ipoe. Na kwenye mkono wake wa kulia, kuuzunguka kama bangili, ana reli: mistari miwili myembamba na mataruma yake katikati.

Nilimwuliza jinsi mtu asiyependa kukumbatiwa alivyoweza kuvumilia sindano saa nzima.

"Mama mdogo," akanijibu, "kinachoniumiza ni kuguswa ghafla. Mtu akinipapasa begani kanisani, nahisi kama kuungua. Sindano ilinijulisha inapokwenda. Nilijua itaanza wapi na itaishia wapi."

Alikuwa amekwenda kwa fundi huyo mara mbili kutazama tu kabla ya kuchorwa. Aliomba redio izimwe. Aliomba afanyiwe asubuhi, kabla wateja hawajajaa. Na sasa akiwa mkutanini kazini, watu wakisema wote kwa pamoja, yeye hupitisha kidole juu ya reli yake, taruma moja baada ya jingine, na hakuna anayejua kwamba hapo ndipo anapopata pumzi.

Msomaji, hili la hisi si hadithi ya mpwa wangu peke yake. Tangu mwaka wa 2013, mwongozo ambao madaktari wa akili wa Marekani hutumia umeyataja waziwazi: wako wenye usonji wanaohisi mguso, sauti na mwanga kupita kiasi, na wako wanaohisi kidogo mno hata wakautafuta mguso. Mtu mmoja anaweza kuwa na yote mawili. Huenda umewahi kusikia habari za Temple Grandin, profesa wa mambo ya mifugo huko Marekani, mwenye usonji. Alipokuwa kijana aliona jinsi ng'ombe wanavyotulia wakibanwa katika krashi ili wachanjwe, naye akajitengenezea mashine ya kumbana yeye mwenyewe. Kubanwa sana kulimtuliza. Kukumbatiwa na watu kulimshinda. Sasa mtu kama huyo utamkisia vipi kuhusu tatuu? Huwezi.

Nimekuja kukutana na wengine katika kikundi chetu cha wazazi hapa Ruiru, kwa sababu siku hizi vijana wetu waliokua huja pia na kusema yao. Kuna mmoja anayechukia hata kuona tatuu kwa mtu mwingine; anasema macho yake hayawezi kuondoka hapo, na mazungumzo yote humpotea. Mwingine anashika Walawi 19:28, pale panapokataza kujichanja chale mwilini, na kwake kanuni ni kanuni, haina mlango wa nyuma. Yuko wa tatu ambaye alichorwa kwa sababu marafiki walimwambia wote wanachorwa. Alipofika nyumbani aligundua mstari mmoja hauko sawa na wenzake. Wewe na mimi tungeusahau baada ya wiki. Yeye anauona kila anapoinua kikombe, na ameanza kuvaa mikono mirefu hata jua likiwaka. Huyo ndiye aliyenitia wasiwasi zaidi, kwani vijana wetu wengi huamini wanachoambiwa, na wapo watu wanaolijua hilo. Tena sindano isiyotakaswa huleta homa ya ini na virusi vya Ukimwi, na ngozi zetu nyeusi zina tabia ya kuota makovu yanayovimba. Mzazi ana haki ya kuyasema hayo kwa sauti.

Turudi kwenye mwaka wa 2016. Nilipotangaza nia yangu nyumbani, baba mkwe alisimamisha kijiko hewani. Alikuwa na zaidi ya miaka 90, na ujana wake aliumalizia katika mashamba ya mkonge na kahawa ya walowezi, huku huku kwetu kati ya Ruiru na Thika. Yeye alikuwa amevaa kipande. Vijana mnaosoma ukurasa huu huenda mnakijua kipande kwa jina tu, lile ambalo wazee bado huliita kitambulisho. Sheria yake ilipitishwa mwaka wa 1915 na ikaanza kutekelezwa baada ya Vita Vikuu vya Kwanza: kila mwanamume Mwafrika kuanzia miaka 16 awe na karatasi yenye alama za vidole vyake na habari za mwajiri wake. Wengi waliitia katika kijaluba cha bati wakaining'iniza shingoni.

"Mimi nilivalishwa kipande kama ng'ombe anavyovalishwa kengele," alisema mzee. "Lakini jioni nilikuwa nakivua. Huyu mnataka kumpiga chapa?"

Nilikasirika, sikufichi. Nilimwona mzee asiyejua hofu ya mama. Jumapili iliyofuata nikamchukua mwanangu hadi Thika, nikamwambia mpwa wangu anipeleke kwa fundi. Naye hakuinuka kitini.

"Mama mdogo, umemwuliza?"

"Nitamwuliza vipi na haongei?"

"Sikuuliza kama anaongea."

Akatoa simu yake, akamwonyesha mtoto picha za video za mkono ukichorwa, bila sauti. Mwanangu alitazama kwa makini. Kisha mpwa wangu akafungua sauti kidogo, ule mngurumo unaofanana na mashine ya kinyozi. Msomaji, mwanangu hunyolewa kwa makasi akiwa usingizini, kwa ajili ya mngurumo huo huo. Aliziba masikio akatoka nje. Aliporudi, aliishika simu kwa ncha mbili za vidole, akaigeuza kifudifudi mezani, na kuweka rula yake juu yake.

"Basi amejibu," mpwa wangu akasema.

Niliketi pale nikalia, kwa sababu jibu hilo halikuniondolea barabara ya Thika. Mpwa wangu hakunibembeleza. Si desturi yake. Aliandika nambari ya mume wangu kwenye karatasi na kuiweka mezani pamoja na kalamu ya wino mzito, kisha akaendelea na shughuli zake. Baada ya muda mwanangu aliichukua kalamu. Akaigeuza rula upande wa nyuma, akaziandika tarakimu zote 10 kwa nafasi sawasawa, moja kwa kila sentimita tatu. Kwake nambari zilikuwa zimefika mahali pa nambari.

Tangu hapo kila Jumapili jioni aliupitia wino upya. Mara mbili alipotea tena, na mara zote mbili mtu aliisoma rula na kutupigia simu.

Lakini nisijifanye nimehitimu. Miaka miwili baadaye, karibu na tarehe 2 Aprili, siku ambayo Umoja wa Mataifa uliitenga mwaka wa 2007 kwa ajili ya usonji, niliamua sasa nichorwe mimi. Nilitaka kile kipande cha picha ya fumbo, alama iliyobuniwa na chama cha wazazi Uingereza mwaka wa 1963. Nilidhani mpwa wangu atafurahi. Alininunia. "Mimi si kipande kilichopotea kwenye picha ya mtu," akasema. Watu wazima wengi wenye usonji wanaikataa alama hiyo, na badala yake hupenda ile ya nane iliyolala, yenye rangi za upinde wa mvua. Sikuchorwa. Lakini cha kuchekesha ni kwamba mwanangu, ambaye huunganisha picha za fumbo zenye vipande 500 kwa adhuhuri moja, alikipenda kile kipande kupita kiasi. Nilikuwa nacho kwenye pini ya kuvaa kifuani. Akaninyang'anya, na hadi leo kiko juu ya kitanda chake.

Mume wangu alifariki mwaka wa 2021. Baada ya mazishi, katika yale mambo mengi ya kupanga, nilikumbuka ile nambari. Mtoto akipotea, watu wangepiga simu isiyopokewa. Nilitafuta msasa, nikampa mwanangu pamoja na kalamu na karatasi yenye nambari yangu, nikamweleza kwamba simu ya baba haifanyi kazi tena, na kwamba hii ya zamani tuifute. Mpwa wangu alikuwapo siku hiyo. Nilimwona akipitisha kidole kwenye reli yake, taruma baada ya taruma.

Mwanangu aliurudisha msasa mkononi mwangu. Aliipima nafasi iliyobaki chini, akaandika nambari yangu hapo, kwa herufi ndogo zaidi ili itoshe. Ile ya babake aliipitia wino kama kawaida, maana ilikuwa Jumapili.